Sala kwa Mwandiko wa Baba

Baba yangu alinifundisha kuandika sala kabla sijajua kuchambua mchele vizuri. Alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kindu, na saa za kazi zikiisha alikuwa mwongozi wa shirika letu. Shirika kwetu ni zile nyumba kumi au kumi na tano za jirani zinazokutana kusoma Neno na kuombeana. Vita ilipofika na treni ikakoma kuja, kazi ya reli ilikufa, lakini ile ya shirika ilibaki. Nafikiri ndiyo iliyomzuia asiketi tu mlangoni kutwa nzima akitazama barabara, kama wanaume wengi wa mtaa wetu walivyofanya.

Kila asubuhi alinawa uso, akakaa juu ya sanduku la chuma alilopewa kazini, akafungua misale yake kuukuu, kitabu cha masomo ya misa, iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa kushonea magunia. Kalenda ya masomo haikutufikia tena kwa sababu hakuna kilichotufikia, basi alihesabu mwenyewe siku na majuma. Alisoma somo la siku mara mbili kimya, mara ya tatu kwa sauti. Kisha aliniuliza neno gani limenikwama. Nilipolitaja, aliuliza neno hilo linakaa wapi katika nyumba yetu.

Swali hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Somo likisema habari za mkate, hakutaka nimwambie mambo ya mkate wa mbinguni. Alitaka nimwambie kwamba jana mama alitwanga mizizi ya mpapai na mdogo wangu alikataa kumeza. Hapo ndipo aliponipa kalamu ya biki na kaye yake, daftari la kijani, niandike mistari mitano au sita, isizidi.

Nikianza kupamba alinizuia. "Maneno ya padri, Mungu anayapata kwa padri," alisema. "Wewe mupe ya kwako."

Herufi pia ni yeye aliyenifundisha, nyumbani, kabla ya shule. Kwa hiyo mwandiko wangu ulilala upande wa kulia kama wake, na fimbo ya herufi t niliivuta ndefu kama yeye. Mwalimu wa darasa la nne aliwahi kunichapa akidhani baba ndiye anayenifanyia kazi za shule. Baba alikwenda kumwelezea, akarudi akicheka.

Mwaka ninaousimulia, mji ulikuwa umefungwa. Askari walioushika walikaa ndani, wakaweka barieri kwenye kila njia ya kutoka. Vijana wa porini walikuwa nje, wameshika msitu na barabara. Mashamba yalikuwa katikati yao. Mtu aliyekwenda kukata mpunga wake aliulizwa na hawa kwa nini ametoka, akaulizwa na wale kwa nini anarudi. Wanawake walikwenda kutafuta mihogo, wengine hawakurudi, na waliorudi hatukuwauliza kitu. Mitumbwi ya Lokandu iliyotuletea samaki haikuonekana tena mtoni. Chumvi ilikuwa kitu cha kulamba kidogo kwa ncha ya kidole. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta na bila chumvi, tukala mapapai mabichi yaliyopikwa kama mboga. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu na laini, na tumbo lake likawa gumu.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa shambani kwake njia ya Lokandu pamoja na watoto wake siku barabara zilipofungwa, na hakuweza kurudi mjini. Mtu mmoja aliyepenya kwa miguu alituletea habari kwamba shangazi ni mzima, kwamba amevuna, na kwamba amesogea hadi karibu na mji anangoja njia ifunguke. Baada ya habari hiyo sikuwaza kitu kingine. Nilimwona shangazi akiingia na gunia la mchele kichwani. Nilimwona hata nikiwa shuleni, ile miezi michache shule ilipokuwa wazi.

Ndipo ikafika juma la kwanza la Majilio. Asubuhi moja baba aliitwa mapema kwenda kumwombea mgonjwa, akaniachia misale na kaye nifanye kazi peke yangu. Somo la siku lilikuwa wimbo wa nabii juu ya mji imara. Milango ya mji ule inaamriwa ifunguke ili watu waaminifu waingie. Kisha kuna mji mwingine, ule wa juu, unaoshushwa hadi mavumbini, na wanaoukanyaga ni maskini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuhitaji mtu aniulize neno gani limenikwama.

Niliandika hivi, na ninaikumbuka yote:

Bwana, mji wetu una milango na wewe unaijua. Ifungue. Wale tunaowangoja wako karibu, wako ng'ambo ya barieri, wamechoka kukaa msituni. Uwafikishe kwetu upesi. Na wale waliofunga njia, miguu ya maskini ipite juu yao. Amina.

Wale tunaowangoja walikuwa shangazi na watoto wake na gunia la mchele. Sikuwa na mtu mwingine kichwani. Vijana wa porini nilikuwa nawaogopa kama nilivyowaogopa askari.

Alasiri ile shirika lilikutana uani kwetu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Baba alikuwa na mazoea ya kusoma sala moja kutoka katika kaye bila kusema ni ya nani, maana wengine pia walimletea za kwao. Alifungua ukurasa wangu akaanza kusoma. Baada ya mstari wa pili aliinua macho akanitazama. Angeweza kuruka, au kugeuza ukurasa na kusoma nyingine. Alisoma hadi mwisho. Watu waliitika amina kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na mama mmoja alianza kulia. Nami nilifurahi, tena nilijivuna. Nilitamani baba aseme kwamba ni yangu.

Siku ya tatu, asubuhi, askari wanne waliingia uani pamoja na mkalimani wao, mtu wa hapa hapa. Mama alikuwa amekwenda kutafuta majani ya kupika. Mimi nilikuwa kwenye kinu natwanga sombe, mdogo wangu amekaa chini karibu na mguu wangu. Hawakupekua nyumba. Waliomba kaye ya kijani, na kwa kutaja rangi tu tulijua kwamba aliyewaambia alikuwa amekaa nasi siku ile. Ni nani, sikujua wakati ule na sijui mpaka leo. Wengine kati ya wale kumi na mmoja wamekwisha kufa, na wengine bado tunasalimiana sokoni.

Mkalimani alilowesha kidole, akafunua kurasa mpaka akaipata. Aliisoma kwa sauti, vibaya, akisita kila mahali. Alipofika kwa wale walio ng'ambo ya barieri, mkubwa wao alimwambia airudie. Aliirudia. Kisha mkubwa akauliza, ni akina nani hao wanaongojwa, na nani ameandika.

Baba hakunitazama. Katika yote ya siku ile, hicho ndicho ninachokiona wazi zaidi, jinsi alivyojichunga asinitazame hata kwa bahati mbaya.

"Njo mimi," akasema. "Iko mwandiko yangu."

Walimpa biki. Wakamwambia aandike mstari wa kwanza upande wa nyuma wa karatasi ile ile. Aliinama, akaandika polepole juu ya goti lake, na herufi zake zikalala kulia, na fimbo za t zikawa ndefu. Mkalimani aligeuza karatasi mara mbili, mara tatu, akasema ni mkono mmoja.

Nimejichunguza sana juu ya dakika zile. Ningependa kuandika kwamba nilitaka kusema na woga ukanifunga mdomo. Lakini sikutaka kusema. Nilielewa kabisa kinachofanyika, nilielewa baba anafanya nini na kwa ajili ya nani, na nikanyamaza. Mkubwa wa askari aliponigeukia, nilianza tena kutwanga. Walimwondoa baba, viatu vyake vya mpira vikabaki mlangoni.

Mama aliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kumwambia njiani. Aliweka majani chini akaniuliza baba aliandika nini. Nilimsomea sala yote kwa kichwa. Mama hakwenda shule, hakujua kusoma hata jina lake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Mutu mwenye akili anaandika maneno kama ile?" akauliza. "Na watoto iko kwa nyumba?"

Sikumwambia kwamba ni mimi. Ndipo hasira yake juu ya baba ilipoanza.

Walimweka ndani ya kontena la chuma karibu na gare, stesheni ya treni alipofanya kazi miaka kumi na nane. Jua la mchana lilipiga juu ya chuma kile, kisha mvua ikaja. Mama alimpelekea chakula siku alizopata chochote, akakiacha kwa mlinzi, na mara moja tu walimruhusu amwone mlangoni. Alirudi bila kutusimulia kitu. Siku ya kumi na moja walituma mtu kusema twende tumchukue. Wanaume wawili wa shirika walimleta juu ya kinga, baiskeli ya mmoja wao, wakiisukuma mmoja huku na mmoja huku, kichwa chake kimelala juu ya usukani. Miguu ilikuwa imevimba hata hainyooki. Kucha hazikuwepo. Lakini hayo si yaliyomwua. Walikuwa wamempiga tumboni na mgongoni, na hakuweza kukojoa. Muuguzi wa zahanati alikuja, akamgusa, akasema angehitaji mpira mwembamba wa kumwingizia, naye hana hata pamba.

Asubuhi iliyofuata mama alitoka kwenda kutafuta maji. Baba aliniita. Mimi alizoea kuniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama," akasema, "usimuambie mama yako."

Nilisema nitamwambia. Akasema hapana, akiisikia atalia kwa sauti, watu watasikia, na askari watarudi kunichukua mimi. Alisema nisubiri mpaka vita iishe. Niliahidi. Kisha akauliza somo la siku ni la nini, akaniambia nisome.

Tulikuwa siku chache kabla ya Noeli. Somo lilikuwa lile la kuhani mzee aliyepoteza sauti hekaluni, akatoka nje akiwaonyesha watu kwa mikono tu. Nilisoma mara tatu kama alivyonifundisha. Akaniuliza neno gani limenikwama. Nikasema hakuna. Akangoja. Kaye yetu ilikuwa imechukuliwa, basi niliandika pembeni mwa bahasha ya dawa tupu. Mstari mmoja tu: Bwana, baba yangu akojoe.

Nilimsomea. Alicheka, na kucheka kukamuumiza hata akashika ubao wa kitanda. Alipopata pumzi akasema, "Ile sasa njo sala."

Hatukubadilisha tena. Kila asubuhi nilisoma somo la siku, liwe la nini, na mwisho tulisema mstari ule ule. Siku ya Noeli alitoa mkojo kidogo, wenye damu, na mama alipiga magoti pale pale penye udongo. Kabla mwaka haujaisha alikufa, asubuhi, uso umevimba hata macho hayakuonekana. Siku ile sikufungua misale. Mpaka leo sijui somo la siku hiyo lilikuwa la nini, ingawa ningeweza kuangalia wakati wowote.

Alizikwa na wanaume watatu, kwa haraka, maana watu wengi hawakuruhusiwa kukusanyika. Barabara zilifunguka baadaye, shangazi hakutokea. Tulisikia kwamba alikufa porini yeye na watoto, lakini hakuna aliyeweza kutuonyesha mahali. Mdogo wangu alifuata mwezi wa tatu. Mama alimfunga katika kipande cha kikwembe chake, kitenge alichojifunga, na tulipotoka kumzika alisema maneno ambayo niliyasikia miaka zaidi ya ishirini:

"Baba yenu alipenda maneno kupita watoto yake."

Vita iliisha, au ilisogea ikaenda kwingine. Ahadi yangu kwa baba iliisha nayo, kwa kuwa aliniambia ningoje mpaka hapo. Sikusema. Mwanzoni nilijiambia nangoja mama apate nguvu. Alipopata nguvu nilijiambia kwa nini nimwangushe tena. Huku nyuma hasira yake juu ya baba ilikuwa imeota mizizi. Hakumwombea misa. Siku ya kuwakumbuka marehemu, watu wanapoandika majina ya wafu wao ili yapelekwe altareni, mama alinitajia majina nami niliandika: wazazi wake, shangazi, mdogo wangu, majirani. La baba hakulitaja hata mwaka mmoja. Mimi nililiongeza chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikakunja karatasi haraka. Yeye hakuweza kusoma. Kwa hiyo nilimdanganya mara mbili.

Nilimaliza shule, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa, nikazaa watatu. Kanisani nilikwenda kama watu wote na kusema sala za kitabuni. Ya kwangu mwenyewe sikuandika hata moja, miaka mingi. Nikishika biki kwa ajili hiyo nilisikia mkalimani akisitasita.

Aliyenirudisha ni jirani mmoja, mama mjane. Kijana wake alikwenda mahali panapoitwa Kama kuchimba dhahabu, shimo likawaangukia, na wenzake walishindwa kumfukua. Walimwacha pale. Padri alimsomea misa na majirani walimlilia, lakini mwezi mmoja baadaye alikuja kwangu akasema bado hajaomba. Alikuwa amesikia kwa watu wazee kwamba baba yangu alijua kuwatengenezea watu sala. Nilitaka kumwambia amekosea nyumba. Badala yake nilimsomea somo la siku, mara tatu, na nikajisikia nikimwuliza neno gani limemkwama. Alijibu mara moja. Alisema: udongo.

Tukaandika, yeye akisema, mimi nikishika biki. Alimwomba Mungu amwambie tu kama kijana alikufa upesi. Hakuomba kitu kingine.

Aliwaambia wenzake, nao wakaanza kuja. Sasa Jumanne alasiri tunakuwa wanane au tisa barazani kwangu. Kalenda ya masomo inapatikana parokiani, na wenye simu wanasomea humo. Nimeweka sheria mbili. Kila mtu huondoka na karatasi yake, sibaki na ya mtu. Na hakuna anayesoma sala ya mwenziwe mbele za watu. Wanadhani ni heshima. Sijawaeleza.

Mama aliishi kwangu. Siku za Jumanne alikaa na kiti chake kwenye kona ya baraza, ametugeuzia mgongo, anachambua maharagwe au amelala. Sikujua anasikiliza kiasi gani. Mwaka jana moyo wake ulichoka, miguu ikaanza kujaa maji, na daktari alitwambia tusitegemee muda mrefu. Mama mwenyewe alijua. Akaanza kutoa maagizo: kikwembe gani avalishwe, sufuria ipi iende kwa mjukuu gani. Asubuhi moja nilikuwa karibu naye napepeta mchele, akasema:

"Musinizike karibu na baba yenu. Munipeleke upande wa watu ya kwetu."

Niliweka ungo chini. Sikuwa nimejiandaa. Nilisema, "Mama, ile sala ni mimi niliandika."

"Sala gani?"

"Ile ya milango. Ile walimuchukua juu yake."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini bado aliona. Akauliza, "Na mwandiko?"

"Alinifundisha yeye. Ilifanana."

"Alijua ni wewe?"

"Alijua. Akawaambia ni yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa kinu," nikasema. "Nilikuwa natwanga."

Hakulia kwa sauti, kama baba alivyoogopa. Aligeuza uso ukutani. Baada ya muda nilimsikia akisema, wala hakuwa anasema nami, "Miaka yote hii nimekasirikia mutu bure." Nilianza kumweleza juu ya ahadi, juu ya vita, juu ya umri wangu. Alinyosha mkono akaushusha, kama mtu anayefunika chungu.

Kuanzia siku hiyo hakula tena kitu kutoka mkononi mwangu. Binti yangu alimpelekea sahani. Nikiileta mimi, aliisukuma taratibu mpaka ukingo wa mkeka na kuiacha pale. Alinijibu nilipomsalimu na alikubali nimwoshe miguu, lakini chakula hapana. Watoto wangu waliniuliza kuna nini, nikasema mgonjwa ana mambo yake. Ilikuwa siku tisa.

Siku ya kumi aliomba apelekwe makaburini. Tulimpandisha juu ya pikipiki ya jirani, mimi nyuma nikimshika kiunoni, na dereva alikwenda polepole akizunguka mashimo. Nilikuwa nimekwenda pale mara chache tu, na misalaba ya mbao ya wakati wa vita ilikwisha kuliwa na mchwa zamani. Majani yalifika magotini. Watu wapya walikuwa wamezikwa juu ya wa zamani. Mzee anayechimba makaburi alituonyesha mahali pamoja, kisha akasema labda ni pengine. Mwishowe mama alichagua mwenyewe, nafasi kati ya makaburi mawili ya saruji, akasema tukae hapo.

Nilitandika kikwembe, akaketi chini, miguu imenyoshwa mbele yake. Akauliza, "Leo somo njo nini?"

Nilifungua simu nikasoma. Lilikuwa lile la mtu anayemwita ndugu yake mjinga, na la kuacha sadaka mbele ya altare ili kwenda kwanza kupatana na ndugu. Nisingelichagua. Ningeweza kusoma la siku nyingine na asingejua, na wazo hilo lilinipitia. Nilisoma lililoandikwa, mara tatu. Nilipomaliza nilivuta pumzi kuanza sala, kwa mazoea, naye akanizuia.

"Soma tu," akasema. "Ya kuongeza nitaongeza mimi."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akiomba kwa maneno yake. Alikuwa mtu wa rozari na wa kuitikia. Sasa aliweka kiganja juu ya majani na kusema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenye nyumba:

"Mungu, umuambie huyu mwanaume kama sikujua. Nilimuita mujinga mbele ya watoto yake. Ile siku walifungua mulango nimuone, nilimupa chakula na sikumuambia hata neno moja, juu ya hasira. Alikuwa ananiangalia tu. Ile neno umupe wewe."

Nilidhani amemaliza, nikataka kusema amina. Akaendelea.

"Na huyu mutoto," akasema, bila kugeuka upande wangu. "Huyu, bado. Nitakuambia siku ingine."

Tulirudi. Jioni hiyo alikula wali niliompikia na majani ya lenga-lenga, akaomba chumvi zaidi ingawa daktari alikataza, nami nikampa. Baada ya hapo kila asubuhi alinitaka nisome somo la siku, na nikisha kusoma alifumba macho akakaa kimya muda wake, kisha akasema basi.

Alikufa mvua zilipoanza tena. Ile nafasi kati ya makaburi ya saruji ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo tulimzika hatua chache kutoka pale, upande huo huo, na si upande wa watu wa kwao. Hakuwahi kubadilisha agizo lake kwa mdomo. Nililibadilisha mimi, nikitegemea nilichokisikia siku ile, na wajomba zangu walinuna.

Kama alimwambia Mungu habari zangu, alimwambia katika asubuhi hizo, macho yamefumbwa, nami nimekaa kando nikizima simu. Wakati mwingine midomo yake ilitikisika. Sikuinama kusikiliza.